Cherehani Pekee Haitoshi: Ujuzi Unaohitajiwa na Vyama vya Mafundi wa Nguo

Chama cha mafundi wa nguo kinapopata fedha zake za kwanza, mara nyingi mkutano huamua kununua cherehani nyingine. Uamuzi huo si mbaya, lakini hautoshi. Ajira katika kazi ya nguo haitegemei wingi wa cherehani, bali ujuzi wa kazi zinazotangulia na zinazofuata ushonaji.

Nguo hupita katika mikono mingi. Mbunifu huchora mtindo. Mtengenezaji wa pateni huugeuza kuwa vipande vya karatasi vyenye vipimo. Mkataji hutandaza kitambaa na kukikata. Mshonaji huviunga vipande. Wa mwisho hutia vifungo, hukagua mishono na kupiga pasi. Washonaji ni wengi. Watengenezaji wa pateni, wakataji na wakaguzi ni wachache.

Mfano: shule imeagiza sketi 300 za sare. Sketi moja ikitumia mita 1.5, zitahitajika mita 450. Mkataji stadi akipanga pateni vizuri na kuokoa sentimita 10 kwa kila sketi, chama hubakiwa na mita 30, kitambaa kinachotosha sketi 21 zaidi kwa ukataji huohuo. Kinyume chake, kila fundi akikata kwa kukisia, sketi za kipimo kimoja hazitalingana. Kitambaa cha pamba ambacho hakikujaribiwa kwa kufuliwa kabla ya kukatwa huweza kurudi baada ya nguo kushonwa. Shule itazirudisha sketi, na mwaka unaofuata itamtafuta mshonaji mwingine. Hapo ndipo ajira ya vijana inapopotea.

Ushindani nao ni mkubwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za biashara, Rwanda peke yake iliendelea na ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu kwa upande wa nguo. Kwa hiyo chama kisingoje mitumba iondoke, bali kishone nguo ambayo mnunuzi ataipendelea: inayomkaa sawasawa, yenye mshono imara, na iliyo tayari siku ya ahadi. Aidha, viwandani pateni sasa huchorwa kwa kompyuta. Kijana asiyejua kupima na kukokotoa hataweza kuitumia mashine hiyo.

Makatibu wanashauriwa kuchukua hatua tatu. Kwanza, kuandika katika daftari ujuzi wa kila mwanachama, ili upungufu uonekane. Pili, kuomba mkutano mkuu utenge fedha za kuwapeleka wanachama wawili, mmoja wao kijana, kwenye mafunzo ya VETA au SIDO, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba wakirejea watawafundisha wenzao. Tatu, kuweka hesabu ya kila oda peke yake: kitambaa kilichoingia, kilichotumika, mabaki, na nguo zilizorudishwa. Hesabu hiyo ndiyo itakayouonyesha mkutano kama mafunzo yameleta faida.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Ujuzi nao ni mali ya chama. Fundi mmoja akiondoka nao kabla ya kuwafundisha wenzake, cherehani zitabaki, lakini kazi itakuwa imekwenda.