Siku tatu kwa kinga hadi Kalunguta

Kinga tunazoziona kila asubuhi zikiingia Butembo na mikungu ya ndizi na mifuko ya makala zinaweza pia kubeba likizo ya watoto. Mwezi wa saba, masomo yalipofungwa, sisi watu watano wa nyumba moja tulikwenda Kalunguta kwa koko yetu: siku moja ya kwenda, moja ya shamba, moja ya kurudi.

Kwanza tuliuliza habari ya njia. Kwetu hiyo si adabu tu. Vita vimeondoa watu wengi mashambani. Na tangu 2018 hadi 2020, wakati wa Ebola, tulizoea kusimama njiani kunawa mikono na kupimwa joto. Tulimpigia koko simu jioni, tukampigia tena asubuhi, tukauliza na majirani waliotoka huko. Kama mmoja wao angesita, tungebaki nyumbani.

Barabara ya Taifa namba 2, kutoka Butembo hadi Beni, ina kilometa karibu 54, na Kalunguta iko katikati ya miji hiyo miwili. Butembo iko juu kuliko Beni, kwa hiyo kwenda ni kuteremka zaidi, kurudi ni kupanda. Tulikuwa na kinga mbili: moja ya mizigo na mtoto mdogo, nyingine ya zamu. Wengine walitembea. Kanuni zetu zilikuwa tatu: mdogo ndiye anapima mwendo, kwenye mteremko mkali wote wanashuka na kusukuma, lori likisikika, wote wanatoka pembeni. Mfukoni tulikuwa na pampu, gundi na viraka. Saa tisa mchana tulikuwa tumefika.

Njiani mzee mmoja aliuliza kwa nini msichana wa miaka 12 yuko juu ya kinga na kaka yake anatembea. Kaka akajibu: «Zamu yangu bado.» Mzee alicheka, akatupisha.

Kesho yake tulivuna maharagwe. Koko alifunga mzigo wake, akapitisha kamba kwenye paji la uso kama alivyofanya maisha yake yote. Watoto wakaomba kujaribu. Kijana alisimama nao, akaenda hatua chache, akauweka chini. Binti akauliza: «Koko, kwa nini hukupewa kinga?» Koko akasema kwamba kinga ya nyumba yao ilikuwa ya wanaume.

Siku ya tatu maharagwe yalipanda Butembo juu ya kinga, wawili wakisukuma, mmoja akishika usukani. Tulifika tumechoka, lakini hakuna aliyeumia shingo.

Wamama, katika nyumba nyingi kinga inaitwa ya baba, na mzigo unaitwa wa mama. Tuliosoma ualimu tunajua kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Tuwafundishe binti zetu kuendesha, kuziba tairi na kufunga mzigo vizuri, kama kaka zao. Anzeni karibu, kwenye uwanja wa masomo au njia ya shamba mnayoijua. Ulizeni habari kwanza, tokeni mapema, mrudi jua likingali juu.

Koko ana miaka zaidi ya sabini, kwa hiyo hatapanda. Lakini mavuno yajayo ameomba tumletee kinga ile ile, na msichana wa kuisukuma.