Kompyuta Inapoelemewa: Tambua Chanzo Kabla ya Kuizima

Kompyuta inayopungua kasi ghafla huku feni yake ikivuma bila kukoma si lazima iwe imeharibika au imechakaa. Mara nyingi ipo programu moja iliyohodhi kichakataji, ambacho wengi hukiita prosesa, na kuzinyima programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Kwa ofisi inayohudumia wananchi, hali hiyo humaanisha foleni isiyosogea. Kwa mwananchi anayejaza fomu mtandaoni, humaanisha taarifa zinazoweza kupotea endapo ataamua kuchomoa waya wa umeme.

Kwa kawaida programu hutumia kichakataji kwa muda mfupi, kisha hupumzika ikisubiri maelekezo. Yenye kasoro huweza kurudia hesabu ileile bila kufika tamati. Tarehe 2 Julai, 2019, kampuni ya Cloudflare ya Marekani, ambayo hulinda tovuti nyingi duniani, ilipata tatizo la aina hiyo. Kanuni moja mpya ya usalama ililazimisha kompyuta zake kujaribu njia nyingi mno za kulinganisha maandishi, hivyo vichakataji vikafikia karibu asilimia 100 ya uwezo wake. Tovuti nyingi zilishindwa kufunguka kwa takriban dakika 27. Wahandisi walipobaini chanzo, walizima kundi la kanuni hizo pekee, na huduma zikarejea.

Utaratibu huohuo unafaa kwa kompyuta ya mezani. Hatua ya kwanza ni kutambua mhusika. Katika kompyuta za Windows, mtumiaji hubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager. Katika kompyuta za Apple hutumika Activity Monitor, na katika Linux huandikwa amri ya top. Katika Windows, kubofya kichwa cha safu ya CPU hupanga programu kwa kiasi cha matumizi, inayotumia zaidi ikiwa juu.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mstari wa System Idle Process ukionesha asilimia 95, maana yake ni kwamba kichakataji kimepumzika kwa kiwango hicho, si kwamba kimeelemewa. Aidha, kichakataji chenye viini vinne kinaweza kuonesha takriban asilimia 25 tu katika Windows ilhali kiini kimoja kimeshikwa chote na programu iliyokwama. Jambo la kuangalia ni matumizi yasiyoshuka, hata pale ambapo mtumiaji hafanyi kazi yoyote.

Si kila matumizi makubwa ni kasoro. Programu ya kukagua virusi au kusasisha mfumo huweza kushughulisha kichakataji kwa muda, kisha ikatulia yenyewe. Kuikatiza kila mara huiacha kompyuta bila ulinzi.

Iwapo programu haitulii, mtumiaji ahifadhi kwanza kazi zake, kisha aifunge kwa njia ya kawaida. Ikikataa, aichague katika Task Manager na kuisitisha, akijua kuwa kazi ambayo haijahifadhiwa ndani yake itapotea. Michakato ya mfumo wenyewe, kama csrss.exe, haipaswi kuguswa, kwa kuwa kuisitisha kunaweza kuifanya kompyuta nzima izime.

Kusitisha programu si mwisho wa kazi. Tatizo likijirudia, programu husika isasishwe, na programu jalizi za kivinjari zizimwe moja baada ya nyingine hadi chanzo kipatikane. Kuwasha kompyuta upya huondoa dalili, lakini kasoro hubaki palepale.

Wakati mwingine chanzo ni mtu anayetumia kompyuta ya mwenzake kwa siri. Mwezi Februari, 2018, ilibainika kuwa zaidi ya tovuti 4,000, zikiwemo za taasisi za umma za Uingereza na Marekani, zilikuwa zikitumia vichakataji vya waliozitembelea kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero. Wahalifu walikuwa wamepachika msimbo wao katika Browsealoud, huduma iliyounganishwa na tovuti hizo ili kuwasomea wageni maandishi kwa sauti. Hivyo, iwapo mzigo unatoweka mara tu ukurasa fulani unapofungwa, mtumiaji asiurudie, na awataarifu wasimamizi wa tovuti hiyo.

Programu isiyofahamika inayorudi kila inapositishwa ni ishara ya kutafuta mtaalamu wa TEHAMA. Atakayemweleza jina la programu hiyo, asilimia iliyooneshwa na muda tatizo lilipoanza atakuwa amemrahisishia kazi, na huenda akaepuka gharama ya kununua kompyuta mpya asiyoihitaji.