Noti Chache, Muziki Mzima

Watu waliolelewa na dansi la bendi za Msondo na Sikinde wana shutuma moja kwa muziki wa kompyuta: hauna melodi, ni mdundo tu, na anayeutengeneza hajui kupiga chombo chochote. Vijana wao hujibu kwamba mdundo unatosha. Naona wote wanaitafuta melodi mahali pamoja, kwenye noti zinazopanda na kushuka kama za gitaa la solo. Muziki huu mara nyingi umeiweka kwingine.

Chukua "Acid Tracks", iliyotoka Chicago mwaka 1987 kwa jina la Phuture, kundi la vijana watatu akiwamo DJ Pierre. Chombo chao kilikuwa Roland TB-303, kisanduku cha Kijapani kilichobuniwa kumpigia besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Kwa kazi hiyo kilishindwa kabisa. Sauti yake haikufanana na gitaa la besi, kukipanga kulikuwa mateso, na mwaka 1984 kiwanda kikaacha kukitengeneza. Vilivyobaki viliuzwa kwa bei ya chee, ndiyo maana vikafika mikononi mwa vijana wasio na fedha.

Ukiiandika besi ya wimbo huo kwenye karatasi, utapata noti chache katika mpangilio wa hatua 16, zikirudiwa kwa zaidi ya dakika 11. Mwalimu wa muziki ataitupa karatasi hiyo. Lakini kisanduku kina vitufe vya kuzungusha. Kimoja hufungua na kufunga kichujio, yaani huamua ukali kiasi gani wa sauti upite. Kingine hukazia sauti zilizo kwenye ukingo wa kichujio hicho, hata noti ikalia kama iliyobanwa koo. Ukivizungusha pamoja, ule mlio uliokazwa hupanda na kushuka juu ya noti ambazo hazijasogea hata kidogo. Sikio huufuata. Hiyo ndiyo melodi, na haiandikiki kwa noti za kawaida.

Ongeza noti zinazoteleza kuingia nyingine, na mkazo unaoangukia nje ya pigo la ngoma, na utaona kwamba mdundo na melodi havitenganishwi hapa. DJ Pierre amesimulia kwamba DJ mwenzake Ron Hardy alipoupiga wimbo huo klabuni Music Box, watu walikimbia ukumbi. Akaurudia usiku uleule hadi wakapagawa. Masikio yalihitaji muda kujua pa kusikiliza.

Singeli ya Dar es Salaam ina hesabu tofauti. Hupita mapigo 200 kwa dakika. Kwa mapigo 240, kila pigo ni robo sekunde, na ukiligawa mara nne unabaki na takriban milisekunde 62. Humo hakuna pa kunyoosha melodi ndefu. Prodyuza huchukua kipande kifupi, pengine cha taarabu, akakiharakisha na kukirudisha tena na tena, huku mwili wa mchezaji ukihesabu nusu ya mapigo na MC akibeba hadithi. Ufundi uko katika kumwachia MC nafasi ndani ya msongamano huo, na wapo wanaoshindwa vibaya.

Sitetei kila kitu. Leo mtu anaweza kununua vipande vilivyo tayari, akavipanga foleni na kujiita prodyuza. Kumgundua si kazi: linganisha dakika ya kwanza na ya nne. Kama hakuna kilichosogea, si rangi ya sauti, si mkazo, si ukimya, basi wazee wana haki ya kulalamika.

Ukitaka kuamua mwenyewe, usitumie spika ya simu, maana haitoi besi. Tafuta spika kubwa, na uusikilize wimbo hadi mwisho.