Ujasiri na Uhuru katika Dhiki

Neno la Kiyunani parresia, tulisomalo katika Matendo 4:29-31, hapo awali lilihusu haki ya raia kusema waziwazi barazani. Kanisa la Yerusalemu lilipotishwa halikuomba vitisho viondolewe, bali liliomba ujasiri huo. Kitabu hicho chamalizika Paulo akihubiri pasipo kuzuiliwa, ingawa alilindwa na askari. Basi uhuru wetu hutoka kwa Kristo aliyefufuka, wala hautegemei mlango wa gereza kufunguliwa. Mchungaji Gudina Tumsa wa Kanisa la Mekane Yesus, Ethiopia, alipotoka kifungoni alikataa kuikimbia nchi na kuliacha kundi lake. Akatekwa na kuuawa Julai 1979. Kwa hiyo, tumwombeapo msharika aliye dhikini, tusimwombee nafuu tu. Tumwombee na ujasiri.