Wimbo Ukitoka Kinywa Hiki Ukaingia Kile

Wako waaminio kwamba wimbo ni wa yule aliyeuimba kwanza, na kwamba kila aurudiaye baadaye ni mwigaji tu, hafai kusikilizwa. Sisi hatukubaliani nao. Nyimbo husafiri kama wasafirivyo mabaharia, na mara nyingine hurudi nyumbani zimevaa nguo ambazo hata mzazi wao hawezi kuzitambua. Twazipenda nyimbo za namna hiyo, hasa zile zilizogeuzwa kwa namna ya ajabu. Lakini tunapozifurahia yatupasa kuuliza pia ni nani aliyezitunga, na alipata nini.

Tuutazame wimbo uitwao Mbube. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyekuja Johannesburg kutafuta kazi, aliingia na wenzake wa kundi la Original Evening Birds katika studio ya Gallo, wakaimba wimbo wa maneno machache sana juu ya simba. Waliuimba mara tatu, na katika mara ya tatu Linda alizua papo hapo, kwa sauti ya juu, kipande cha lahani ambacho leo chajulikana dunia nzima. Santuri ile iliuzwa mno. Hesabu itajwayo ni kiasi cha nakala 100,000 kufikia mwaka 1948. Linda mwenyewe alikuwa kibarua katika ghala la kampuni ile ile, na inasemekana kwamba haki zake aliziuza kwa shilingi 10.

Santuri ikavuka bahari, ikamfikia Pete Seeger huko Marekani. Yeye hakujua Kizulu. Neno “uyimbube”, yaani “wewe ni simba”, akalisikia “wimoweh”, na kundi lake la The Weavers likalitoa hivyo hivyo mwaka 1952. Mwaka 1961 vijana wa The Tokens wakaandikiwa maneno mapya ya Kiingereza, simba akalazwa usingizi, na wimbo ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Ni wimbo mtamu, hatukatai. Ila simba wa Linda alikuwa macho, na atakaye kumsikia akinguruma ni afadhali airudie santuri ya 1939, au amsikilize Miriam Makeba, aliyeuimba kwa Kizulu katika santuri yake ya mwaka 1960.

Linda alifariki mwaka 1962 katika umaskini. Wimbo wake haukufa. Mwaka 1994 ulisikika hata katika filamu ya Disney ya mfalme simba. Hapo ndipo yalipozuka mambo ya kushangaza. Sheria ya hakimiliki ya Dola ya Kiingereza ya mwaka 1911 ilisema kwamba ikipita miaka 25 tangu kufa kwa mtunzi, haki alizoziuza hurudi kwa warithi wake. Sheria ya wakoloni, ambayo hapana mtu aliyeitazamia mema, ndiyo iliyowapa mabinti wa Linda silaha! Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 pande mbili zikapatana, warithi wakapata malipo ya nyuma na haki ya malipo ya baadaye.

Wakati tukisema hayo, tusiwanyoshee wengine tu kidole. Kule Mombasa marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia sifa kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Na mengi ya mashairi hayo yalitungwa na jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Wako wasemao kwamba hiyo si taarabu ya asili. Sisi twaona wamekosa. Ubeti wa Kiswahili una vina vyake na mizani yake, na kuuvika kanzu iliyoshonwa Bombay bila kuupasua mshono ni kazi ya fundi hasa. Wala msikilizaji hakudanganywa, maana mahadhi yenyewe alikwisha kuyasikia sinemani. Hata hivyo, tukimdai Mmarekani haki ya Linda, hatuna budi kukubali kwamba na yule mtunzi wa Bombay alikuwa na haki yake.

Na Malaika je? Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeutia katika santuri ukajulikana, lakini hata alipofariki mwaka 2001 ubishi juu ya mtunzi ulikuwa haujaisha, kwani Adam Salim naye alisema wimbo ni wake. Miriam Makeba aliuimba, Boney M. wakautia mdundo wa disko mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akauimba mwaka 1991. Wa disko hatuutamani tena. Wa Kidjo twausikiliza hata leo.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Kinachotakiwa ni desturi ya kuifuata: mtangazaji wa redio amtaje mtunzi pamoja na mwimbaji, na bendi zipigazo nyimbo za zamani katika mahoteli zifanye vivyo hivyo. Hilo halina gharama.

Lakini katika nyimbo zote zilizobadili vinywa, mmoja umezipita nyingine kwa mbali. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897. Mwaka 1961 Tanganyika iliufanya wimbo wa taifa kwa maneno ya Kiswahili, Mungu Ibariki Afrika. Mwaka 1964 Zambia ikauchukua kwa maneno yake yenyewe. Afrika ya Kusini, baada ya ubaguzi kuanguka, ikafanya jambo ambalo sisi tusingalithubutu kulishauri: mwaka 1997 iliuunganisha na Die Stem, wimbo wa taifa wa serikali ile ile ya ubaguzi, ukawa wimbo mmoja wa lugha tano, Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikaans na Kiingereza. Sontonga hakuyaona hayo, kwani alifariki mwaka 1905. Mahali alipozikwa hapakujulikana kwa miaka mingi. Kaburi lake, huko Braamfontein, lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa tarehe 24 Septemba, 1996.