Tiketi Tatu, Siku Moja: Panga Masaa Kabla ya Kulipia Mbuga ya Nairobi

Likizo ya Agosti mwaka jana, mmoja wetu hapa ofisini Parklands alitembelewa na shosho wake kutoka Kirinyaga. Shosho ana miaka 78 na alikuwa na ombi moja tu: kumwona kifaru akitembea huru, si wa kufungiwa nyuma ya ua. Tukasema hilo ni jambo dogo, kifaru yuko hapa hapa Nairobi.

Tukachanga pesa, tukakodi gari la watu saba hadi saa nane mchana. Halafu tukashika simu tukalipia kila kitu kwa mkupuo: Mbuga ya Nairobi, Nairobi Safari Walk na Kituo cha Wanyama Mayatima. Si zote ziko pale pale Lang'ata Road? Tutazimaliza.

Hatukuzimaliza. Tulitoka Parklands saa tatu asubuhi na kufika langoni saa nne kasoro. Tukaanza na mayatima kwa sababu watoto walitaka simba. Tukaingia Safari Walk, na huko shosho akatembea, akakaa, akatembea tena. Tukaikatiza katikati. Tulipoingia mbugani kwenyewe ilikuwa karibu saa saba, jua kali, wanyama wamejificha kivulini. Saa nane dereva akatuuliza kama tunaongeza masaa. Tukaongeza moja, tukalipa, na bado tukarudi bila kifaru. Shosho alisema tu, "Haidhuru, wanangu." Hilo ndilo lililotuuma kuliko pesa.

Kosa lilikuwa letu wenyewe. Tulilipa kwanza, tukapanga masaa baadaye. Ndiyo maana tumeandika haya kabla hujabonyeza PIN yako.

Ukubwa wake si wa mchezo

Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na ndiyo mbuga ya kitaifa ya kwanza Kenya. Ina kilomita za mraba 117. Ukitaka kulinganisha, Bronx Zoo ya New York, ambayo ni kati ya bustani kubwa za wanyama za mjini huko Marekani, ina hekta 107 hivi. Mbuga yetu ni zaidi ya mara 100 ya hiyo. Na humo hakuna mnyama anayekungoja kwenye kizimba chenye kibao cha jina lake. Unamtafuta.

Tena mbuga hii imezungushiwa ua pande tatu tu. Upande wa kusini uko wazi, na wanyama kama nyumbu na punda milia hutoka kuelekea Kitengela na nyanda za Athi wakati wa mvua, kisha hurudi kiangazi kufuata maji ya mabwawa yaliyo ndani. Kwa hivyo masaa matatu ya Agosti hayafanani na masaa matatu ya Aprili. Msimu wa mvua, jipe muda zaidi wa kutafuta, au punguza matarajio.

Kitu kimoja usikitafute kabisa: ndovu wa porini. Mbuga hii ina simba, vifaru, nyati, twiga na viboko, lakini haina kundi la ndovu wanaozurura. Ndovu utakaowaona upande huo ni wale watoto yatima wa Sheldrick.

Kila sehemu na masaa yake

Haya ni makadirio yetu baada ya kwenda, kukosea na kurudi.

*Kituo cha Wanyama Mayatima: saa moja.* Kilifunguliwa mwaka 1964 kwa ajili ya wanyama waliookotwa wakiwa wagonjwa, wameumia au wameachwa bila mama. Unatembea kwa miguu na wanyama wako karibu. Kwa mtoto wa miaka minne, hapa panatosha kabisa.

*Nairobi Safari Walk: saa moja na nusu hadi mbili.* Ni njia ya mbao iliyoinuliwa, inayokupitisha kwenye sehemu ya kinamasi, ya savana na ya msitu. Hapa pia huhitaji gari, lakini mwenye magoti mabovu atahitaji kupumzika. Mhesabie muda huo.

*Mbuga yenyewe: masaa manne, yasipungue matatu.* Lazima uwe na gari, na hushuki isipokuwa mahali palipotengwa, kama vile kwenye vidimbwi vya viboko au pale Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Masaa mawili ya kwanza yana thamani kuliko manne ya adhuhuri, kwa sababu simba na wenzake huzunguka kukiwa na baridi na kulala jua likipanda.

*Ndovu wa Sheldrick: saa moja, na si wewe unayeichagua.* Umma huruhusiwa saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima uweke nafasi mapema. Mlango wake uko upande mwingine, si lile lango kuu la Lang'ata Road. Ukitaka hiyo pamoja na mbuga, anza mbuga alfajiri ili umalize kabla ya saa nne na nusu.

Sasa jumlisha. Mayatima, Safari Walk na mbuga pamoja ni kama masaa saba, bila chakula, bila choo, bila jam ya kurudi. Inawezekana, lakini kwa watu wazima wenye nguvu walioamka saa kumi na moja. Kwa familia yenye mtoto na mzee, chagua moja. Ukizidisha, chagua mbili.

Mpime anayechoka kwanza

Usipange safari kwa nguvu zako wewe. Panga kwa nguvu za yule atakayechoka wa kwanza. Jiulize: huyu anaweza kutembea muda gani kabla ya kuomba kukaa? Anaweza kukaa ndani ya gari muda gani kabla ya kuanza kulia? Sisi tulimtembeza shosho asubuhi nzima, tukamwingiza kwa gari akiwa ameshachoka. Tungefanya kinyume, au tungeacha kutembea kabisa.

Kisha mwulize kila mmoja kitu kimoja anachotaka kuona. Kimoja tu. Kikiwa ni simba wa karibu, mayatima. Kikiwa ni kifaru porini, mbuga, alfajiri, basi. Mengine ni ya siku nyingine.

Pesa hufuata masaa

Ukishajua masaa, malipo huwa rahisi:

1. *Lipia sehemu utakayoifikia pekee.* Kila sehemu ina tiketi yake. Tiketi za KWS hulipiwa kupitia eCitizen, na bei ya mtu mzima, mtoto, raia na mgeni hutofautiana. Angalia bei ya siku hiyo pale pale kwenye mfumo, si kwenye picha uliyotumiwa na rafiki.

2. *Lipa ukiwa nyumbani.* Geti halitaki pesa taslimu. Kulipa usiku uliotangulia hukuokolea zile dakika 30 za kutafuta mtandao na kukumbuka paswadi huku wengine wakikusubiri. Hifadhi ujumbe wa malipo, na uchaji simu.

3. *Soma jina kabla ya PIN.* Malipo ya eCitizen huenda kwa paybill 222222. Mtu akikwambia utume pesa ya tiketi kwa namba yake binafsi ati akupatie bei nafuu, achana naye.

4. *Elewana na dereva kwa masaa.* Uliza bei ya masaa matano, na bei ya kila saa ya ziada, kabla ya kutuma chochote. Tuma sehemu, malizia mkirudi.

5. *Kama huna gari, usilipie mbuga.* Panda matatu hadi tao, kisha 125 au 126 kutoka Railways, ushuke lango la KWS Lang'ata Road. Mayatima na Safari Walk ziko hapo karibu na lango. Ni siku nzuri, na bei ya kukodi gari imebaki kwa simu yako.

Na ukiwa na masaa mawili tu Jumapili mchana, hata Lang'ata usiende. City Park iko hapa hapa kwetu Parklands, ina miti mikubwa na kima, na makaburi ya Joseph Murumbi na Pio Gama Pinto. Ficha tu ndizi zako.

Shosho alirudi

Desemba tulimwita tena. Safari hii tuligharamia tiketi za mbuga pekee, na gari la masaa matano. Tulitoka Parklands saa kumi na moja na nusu, shosho akiwa amejifunga leso na thamosi ya chai mkononi. Hatukushuka isipokuwa mara moja. Saa mbili kasoro, dereva akazima injini bila kusema neno. Kando ya vichaka alikuwa kifaru na mtoto wake, wanakula pole pole, hawana haraka na mtu.

Tulikaa pale dakika 40. Hakuna aliyesema twende tukaone kingine, kwa sababu hakukuwa na tiketi nyingine ya kukimbilia. Saa tano tulikuwa tumerudi Parklands, shosho amelala kwenye kiti, na kwa simu ya mchango bado kulikuwa na pesa za chakula cha mchana.

Kwa hivyo kabla hujalipa, chukua karatasi uandike vitu vitatu: nani anachoka kwanza, anataka kuona nini, na mna masaa mangapi. Baada ya hapo, bonyeza PIN.