Samaki Anayevaa Cheo Usoni

Je, wajua kwamba kwenye maji ya magotini ya Ziwa Tanganyika kuna samaki ambaye ukimtazama uso tu unajua kama ana kiwanja chake au hana?

Sokoni humkuti. Ukienda kutafuta kitoweo Simbo, Ujiji au Kibirizi utaonyeshwa dagaa, migebuka na kuhe. Huyu ni mdogo, hazidi sana urefu wa kidole, na maisha yake yote yako kandokando: kwenye vidimbwi vya ufukweni, penye matope na nyasi, na kwenye milango ya mito, sehemu za namna ya pale Luiche inapoingia ziwani kusini mwa Ujiji. Ni wa ukoo mmoja na perege na sato. Wanasayansi humwita Astatotilapia burtoni; jina la burtoni alipewa mwaka 1894 na Albert Günther wa jumba la makumbusho la London kwa heshima ya Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji na mwenzake Speke mwezi Februari 1858. Watoto wa ufukweni walikuwa wakikoga katikati ya samaki hawa tangu zamani sana kabla ya jina hilo.

Akitajwa samaki anayebadili rangi, watu wa pwani humfikiria pono, yule anayeguguna matumbawe. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike wa rangi ya kahawia au kijivu, kisha baadhi yao hugeuka madume ya kijani na samawati. Ni mageuzi makubwa, lakini pono akishageuka ndiyo basi, harudi alikotoka. Dume wetu wa burtoni hubaki dume siku zote. Kinachopanda na kushuka ni hadhi yake, na rangi hufuata hadhi.

Mtazame dume mwenye eneo. Mwili ni wa samawati au wa manjano, unang'aa. Nyuma ya shavu ana doa jekundu linaloelekea rangi ya chungwa. Kwenye pezi la chini, karibu na mkia, kuna vidoa vya mviringo vya rangi hiyohiyo ya chungwa. Na usoni, kutoka jichoni kushuka hadi tayani, umepita mstari mweusi kama wanja uliomwagika. Madume ya namna hii ni machache. Mengine yote yana rangi ya mchanga, hayana mstari, yanaogelea kundini pamoja na majike na hayapati nafasi ya kuzaa.

Mstari ule wa usoni ndio unaonishangaza kuliko yote, kwa sababu huja na kuondoka kwa sekunde chache. Ndani ya ngozi mna seli zilizojaa chembechembe nyeusi. Chembe zikitawanyika, seli nzima huwa nyeusi na mstari huonekana. Zikijikusanya katikati, ngozi hupauka na mstari hupotea. Amri hutoka kwenye neva moja kwa moja, ndiyo maana haichelewi. Dume anayejiandaa kupigana huuwasha. Akishindwa, huuzima papo hapo, na mshindi huona kwamba ugomvi umekwisha.

Russell Fernald, wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alitumia miaka mingi kumchunguza samaki huyu, akifuga vizazi vya waliotolewa Tanganyika. Katika jaribio moja la maabara yake, dume mkubwa aliondolewa kwenye tangi gizani, kabla taa hazijawashwa. Mwanga ulipokuja, dume mnyonge alikuta kiti kiko wazi. Haikuchukua zaidi ya dakika chache akaanza kuvaa rangi, kutoa mstari wa usoni na kufukuza wenzake.

Rangi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Katika sehemu ya chini ya ubongo wa samaki huyu kuna seli zinazotoa homoni inayoamuru mwili uzae. Kwa dume mwenye eneo, seli hizo zinaweza kufikia ujazo mara 8 ya zile za dume asiye na eneo. Anapopanda cheo huanza kukua ndani ya siku chache, na korodani nazo hukua. Akipinduliwa, rangi humtoka haraka, lakini seli zile hunywea polepole, kwa wiki kadhaa.

Kwa nini basi asikae na rangi zake tu? Kwa sababu zina gharama. Dume anayeng'aa kwenye maji ya kina kifupi anaonekana na majike, na anaonekana vilevile na ndege walao samaki. Ufukwe wenyewe nao haukai ulivyo: upepo huchafua maji, kiboko akipita anakanyaga maeneo yote na kuacha mashimo mapya. Mwenye kiwanja leo anaweza kukikosa kesho, na asiye nacho lazima awe tayari.

Ili awe tayari, hutazama. Mwaka 2007 Logan Grosenick, Tricia Clement na Fernald walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo mimi naliona la ajabu hadi leo. Dume mtazamaji aliwekwa mahali anapoona madume watano wakipigana wawili wawili: wa kwanza akimshinda wa pili, wa pili akimshinda wa tatu, hivyo hivyo hadi wa tano. Kisha akaonyeshwa wa pili na wa nne, ambao hajawahi kuwaona wakikutana. Akasogea upande wa yule wa nne, aliye mnyonge. Alikuwa amepanga safu nzima kichwani.

Na vile vidoa vya chungwa vya pezi? Jike hutaga mayai chini, kisha huyazoa mara moja na kuyaweka mdomoni, kwa kuwa humo ndimo atakamoyalea. Dume humtandazia pezi. Jike huvifuata vidoa vile kama mayai aliyoyasahau, anavidonoa, na hapo hupokea mbegu za dume zinazorutubisha mayai yaliyo mdomoni. Mjerumani Wolfgang Wickler alilieleza jambo hili mwaka 1962.

Natamani walimu wa sayansi wa Simbo na Ujiji wawapeleke wanafunzi wao kuyaona haya, maana matangi ya Stanford yalikuwa yakiiga maji ya hapa. Wachague asubuhi ambayo ziwa limetulia, wasimame kwenye kidimbwi chenye maji maangavu kivuli kikiwa nyuma yao, wasiguse kitu. Samaki wakiona kivuli hudhani ni ndege na hukimbia wote. Wakizoea, watarudi: kundi la rangi ya mchanga kwanza, kisha mmoja mwenye mstari mweusi usoni, akilinda shimo lake na kumfukuza kila anayekaribia.